Siku Ottilia Alipomsahihisha Mwalimu Othmar

Ukiuliza pale Mbinga mjini Ottilia anafanya kazi gani, utapewa majibu mengi, na yote yatatolewa kwa uhakika wa kula kiapo. Mwenye duka la pembejeo aliyempangisha chumba cha nyuma atakuambia dada yule anatengeneza kompyuta mbovu. Jirani yake anayeuza maandazi anaamini kabisa kwamba anawafundisha Wazungu kwa njia ya simu. Mama yake mzazi, Tadea, anayelima kahawa na maharage kwenye mteremko wa kijiji kimoja nje ya mji, alishachoka kueleza. Akiulizwa anasema tu, "Anaandika," kisha anabadilisha mazungumzo. Kati ya wote hao, mama ndiye anayeukaribia ukweli.

Ottilia anaandika programu. Kazi ya kumpatia ugali ni zile tovuti za maduka na nyumba za wageni, kazi ambazo wenyewe huzitaka jana na kuzilipia mwakani. Ya moyoni ni Mkufu. Huo ni mradi wa programu huria, usio na tajiri wala bosi, unaoandikwa na watu waliotawanyika kila mahali: mmoja Bukoba, wengine Uganda, wengine huko Brazili ambako nako kahawa imewashika watu akili. Msimamizi wao anaitwa Lidia, yuko Arusha, na Ottilia hajawahi kumwona uso kwa uso.

Kazi ya Mkufu ni kutunza kumbukumbu za mazao: gunia hili ni la nani, limepimwa lini, limepita mikono ipi. Kumbukumbu hizo zinakaa kwenye blokcheni, maana yake hazifungiwi kwenye kompyuta ya mkubwa mmoja. Kila kikundi kina nakala yake, na kila kumbukumbu imeungwa na ile iliyoitangulia kama pete za mkufu, hivyo ukitaka kuchezea pete moja wenzako wote wanakuona. Uzuri wake uko hapo, na ubaya wake pia uko hapo hapo. Kilichoingia kimeingia. Ukikosea unaweza kuongeza sahihisho mbele yake, lakini lile kosa litabaki pale likikutolea macho.

Kwa sababu hiyo watu wa Mkufu wana utaratibu ambao hawautanii. Kazi ya mtu haiingizwi mpaka wenzake wawili waisome na kuandika majina yao chini yake, hadharani, mahali ambapo yeyote duniani anaweza kusoma. Unakosoa kazi, humkosoi mtu. Unatoa sababu. Ukikosolewa huununi. Ni mambo mepesi sana kuyakubali wakati zamu yako haijafika, na Ottilia aliyakubali yote siku ya kwanza.

Kisha akaja Mwalimu Othmar.

Huyu alimfundisha Ottilia hisabati shuleni Kigonsera, na hakumfundisha kwa upole. Alikuwa na kalamu nyekundu na neno moja alilolipenda kuliko yote: "Rudia." Hakuandika kwa nini. Ulirudia mpaka ukajua mwenyewe kwa nini. Lakini ni yeye huyo huyo aliyepanda baiskeli mpaka nyumbani kwao, baba yake Ottilia aliposema shule aliyofika binti imetosha, akakaa pale kibarazani akikataa chakula na kukataa kuondoka mpaka baba alipokubali. Tadea anakisimulia kisa hicho mpaka leo, na kila mwaka baiskeli inazidi kuwa mbovu na njia inazidi kuwa ndefu.

Mwalimu alipostaafu akarudi kwao Lituhi, ziwani. Wastaafu wengine hufuga kuku. Yeye akajifunza kuandika programu. Aliposikia mwanafunzi wake yuko Mkufu akaomba kujiunga, na kwa kuwa Lituhi mtandao unakuja na kuondoka kama mgeni asiyeaga, akajichagulia sehemu inayohusu hilo: simu ikikosa mtandao itunze kumbukumbu yenyewe, na mtandao ukirudi izipeleke zote kwa mpangilio. Mke wake, Mama Edina, yuko kwenye kikundi cha akina mama wanaoanika usipa, dagaa wa ziwa lao, mchangani, na hao ndio walipangwa kuwa wa kwanza kuitumia.

Kazi ilipokamilika, Ottilia akapewa aipitie. Aliisoma asubuhi moja ya ukungu, shuka limemzunguka mabegani, chai pembeni. Msimbo wa Mwalimu ulikuwa nadhifu kama ubao wake wa zamani. Katikati pale, jicho likakwama. Ili kujua kumbukumbu ipi imetangulia, programu ilikuwa inaamini saa ya simu. Sasa simu za kina mama wa ziwani Ottilia anazijua, ni zile zile za mama yake. Betri imechoka, inazimika yenyewe, na ikiwashwa tena inarudi na tarehe ya enzi za kiwandani. Kumbukumbu ya simu kama hiyo ingeruka foleni nzima na kukaa mbele, na kila aliyekuwa nyuma yake angesukumwa kwenye namba isiyo yake. Gunia la huyu lingesomeka la yule. Na likishasomeka hivyo kwenye Mkufu, basi.

Akaanza kuandika: "Shikamoo Mwalimu. Naomba kuuliza kuhusu saa ya simu." Akayatazama maneno yale. Yangesomwa na Lidia, yangesomwa na watu wa Bukoba na Brazili, yangekaa hapo kwa vizazi: Ottilia, binti aliyetolewa kibarazani kwa shingo ngumu ya Mwalimu, anamwonyesha Mwalimu kosa mbele ya dunia. Kidole kikagoma. Akafuta, akaandika, "Nimepitia. Safi," akaweka jina lake. Mtu wa Bukoba, alipoona Ottilia amesema safi, naye akaweka lake.

Mpango wake ulikuwa wa heshima tupu, au ndivyo alivyojidanganya. Angerekebisha lile kosa mwenyewe taratibu, kwa kulificha ndani ya kazi nyingine, wiki moja au mbili mbele, bila mtu kujua. Wapo wengi wetu tunaoishi hivyo na kuitana watu wenye adabu.

Alhamisi Lidia akaandika kwa furaha kwamba maandalizi yamekwenda vizuri kuliko walivyotarajia, kwa hiyo toleo jipya litaanza kutumika Jumatatu, na kikundi cha Lituhi ndicho kitakachofungua. Watu wakapongezana. Ottilia akarudi kuisoma ile safi yake. Sasa hapakuwa tena na taratibu wala wiki mbili. Akipeleka marekebisho leo, lazima aeleze ni ya nini, na akieleza ni ya nini, watauliza alikuwa wapi alipoandika safi. Akinyamaza, usipa wa Mama Edina na wenzake utaanza kuhama majina, na majirani watamjia Mwalimu mlangoni. Alimpigia Mwalimu simu. Haipatikani. Akapiga tena na tena mpaka akaichukia sauti ya yule dada wa mtandao anayekuambia ujaribu baadaye.

Ijumaa ilikuwa siku ya ngokela kwa mama yake. Ngokela ni kulimiana: leo shamba langu, kesho lako, na mwenye shamba anapika. Mvua zilikuwa zinaelekea ukingoni, majira ya kutengeneza ngolo za maharage. Wanaume walikuwa wameshafyeka na kuzilaza nyasi kwa mistari iliyopishana, ikabaki kazi ya wanawake kuzifunika kwa udongo, ili katikati ya matuta libaki shimo la kuzuia maji yasiukokote mteremko mzima kwenda bondeni. Ottilia alikwenda na jembe lake na moyo wake mzito, akapangwa karibu na Hildegardi, mke mpya wa binamu yake, msichana mwenye sauti kubwa ambaye hata majina ya wakwe hajamaliza kuyashika.

Walikuwa katikati ya mteremko Hildegardi aliposimama na kupaza sauti, shamba zima lisikie:

"Mama Ottilia! Tuta lako limekatika hapo juu! Maji yatatushukia wote huku!"

Ottilia alitamani ardhi immeze kwa niaba ya yule mtoto wa watu. Mama yake ndiye mwenye shamba. Mama yake analima ngolo tangu Hildegardi hajazaliwa. Tadea akainua kichwa, akatazama, akapandisha mteremko akishika kiuno.

"Ee, kweli limekatika," akasema. "Nilikuwa nawaza nyama isije ikaungua. Sogeza udongo huo, mwali."

Wakaziba wote wawili. Wanawake wakaendelea na hadithi yao pale ilipoishia, habari za padri na mbuzi wake. Hakuna aliyeinamisha uso. Ottilia alisimama na jembe mkononi mpaka mama yake akamuuliza kama ameajiriwa kulinda kunguru.

Walipokaa kupumzika, akamsogelea.

"Mama, Hildegardi hajakukosea heshima?"

"Kwa lipi?"

"Kukupigia kelele mbele za watu."

Tadea akamtazama kama anayemshangaa mgeni. "Ulitaka aninong'oneze? Maji yangepita mashamba yote ya chini wakati yeye anatafuta namna ya kuninong'oneza. Angenyamaza, hapo ndipo ningemuuliza wewe umekuja kulima au umekuja kula." Akajipukuta udongo. "Kwani kuna nini, Oti? Tangu asubuhi una uso wa msibani."

Ottilia akaweka jembe chini. Alipanda juu ya kilima, pale simu zinaposhika, akakaa kwenye jiwe na kuandika. Aliandika kwamba sehemu ya Mwalimu Othmar ina kosa la saa ya simu, akaeleza kosa lenyewe na namna litakavyochanganya magunia, akaomba toleo la Jumatatu lisimamishwe. Kisha akaongeza lile lililomuuma zaidi: "Niliona kosa hili nilipopitia mara ya kwanza. Niliandika safi kwa sababu Mwalimu ni mkubwa wangu. Haikuwa kazi, ilikuwa woga. Naomba radhi kwenu na kwake." Akatuma kabla kidole hakijagoma tena, akashuka kumalizia matuta yake.

Lidia alijibu kabla jua halijazama. Toleo limesimama. Maneno yake hayakuwa matamu wala makali: kupitia kazi ni kuwalinda watakaoitumia, na safi iandikwe pale palipo safi. Mtu wa Bukoba naye akajitokeza kukiri kwamba hakusoma vizuri, alilifuata jina la Ottilia. Kwa upande huo mzigo ukapungua. Lakini Mwalimu alikuwa kimya, na kimya cha Mwalimu Ottilia alikijua tangu darasani. Kilikuwa kinamtisha kuliko kalamu.

Jumamosi akapanda basi mpaka Kitai, na pale akapata gari la kuteremka Lituhi. Njia nzima alikuwa anapanga maneno, na kila alipoyapanga yalimwangukia. Hewa ikawa inapata joto, sweta ikavuliwa, na mwisho ziwa likajitokeza lote, na harufu ya usipa.

Alimkuta Mwalimu nyuma ya nyumba, amevaa jezi ya mpira iliyopauka, ameikalia ndoo iliyopinduliwa. Mbele yake kwenye mkeka kulikuwa na simu kadhaa za watu, zimefunguliwa migongo, betri zimewekwa kando.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba." Hakuinua kichwa. "Karibu. Mama Edina anapika, utakula."

Wakala ugali wa muhogo na samaki wa mbasa, na wakati wote huo Mwalimu alizungumzia mambo ya mvua. Mama Edina, mwanamke mnene mwenye kicheko cha karibu karibu, alikuwa anamtupia mumewe jicho, halafu anamtupia mgeni jicho, halafu anaongeza mboga. Ottilia alimeza bila kuonja. Vyombo vilipoondolewa, Mwalimu akanawa mikono, akaifuta kwenye jezi.

"Mnara wetu uliharibika tangu juzi," akasema. "Umerudi jana jioni. Nimekusoma."

"Mwalimu, nisamehe. Sikutaka kukudhalilisha mbele ya…"

"Ngoja. Nikuulize. Nilisahihisha madaftari yako miaka yote ile. Niliwahi kukuwekea vema kwenye kosa?"

"Hapana, Mwalimu."

"Ningekuwekea, kwa sababu baba yako ni mtu mzima na nilikula kwake?"

"Hukula, Mwalimu. Ulikataa."

Mama Edina akacheka kule jikoni. Mwalimu alijaribu kukaza uso ukamshinda upande mmoja.

"Basi nimekasirika," akasema. "Nimekasirika kweli. Kwa hii ya jana sina neno, ni kazi nzuri, umeeleza sababu, umeonyesha mfano. Nimekasirikia ile safi." Hapo sauti yake ikashuka. "Unajua, tangu nimejiunga kwenu, kila ninachopeleka kinapita. Safi, safi, safi. Mwanzoni nilijisifu. Nikamwambia huyu mama, ona, nimekuwa hodari uzeeni. Baadaye nikaanza kuogopa. Mimi nimefundisha, hakuna mwanafunzi asiyekosea. Nikasema hawa wananihurumia. Wananiachia mzee nicheze. Nilikuwa nimeshaamua msimu huu ukiisha niage, nitafute hao kuku."

Ottilia machozi yakamtoka, na hakuyazuia. Wakati yeye anaogopa kumpoteza kwa kusema, alikuwa anampoteza kwa kunyamaza.

"Usiage, Mwalimu," akasema.

"Niage wakati nimeshakosolewa na dunia nzima? Itaonekana nimenuna, na utaratibu wenu unakataza." Sasa alicheka wazi wazi, cheko la pumzi ndefu la mtu aliyetuliwa gunia. "Njoo hapa. Nimeazima simu za kikundi kizima cha Mama Edina. Hizo zote zikizimwa zinasahau tarehe. Hebu tuone saa ya simu tunaiwekea nini badala yake."

Wakashinda hapo mkekani mpaka kivuli cha nyumba kilipowafikia. Mwalimu alitaka kila kumbukumbu ibebe alama ya ile iliyoitangulia kwenye simu hiyo hiyo, saa isihusike kabisa. Ottilia akasema sawa, lakini gunia likipimwa kwa simu mbili je? Mwalimu akasema hilo halitokei. Mama Edina, anayepita na beseni, akasema linatokea kila siku, kwani yeye na shoga yake wanaazimana simu. Wakarudi nyuma wakaanza upya. Walibishana kwa sauti, Ottilia akasahau mara kadhaa kusema "samahani Mwalimu" kabla ya kusema hapana, na hakuna mbingu iliyoanguka. Kazi ilipotumwa, Mwalimu aliomba mwenyewe ipitiwe na watu wasiomfahamu.

Chini ya maelezo ya Ottilia ya jana, Mwalimu akaandika: "Kosa ni langu. Aliyeliona ni mwenzangu Ottilia. Namshukuru." Ottilia aliisoma kwenye simu yake akiwa amekaa hatua chache tu kutoka kwa mwandishi. Alijisikia mwepesi mpaka akaona aibu.

Alilala hapo kwa Mwalimu, na asubuhi Mama Edina akamfungia usipa wa kumpelekea Tadea. Toleo jipya lilianza kutumika wiki iliyofuata badala ya Jumatatu ile, baada ya watu wa mbali kulipitia na kulipekua. Kina mama wa Lituhi wakapima magunia yao, simu zikazimika na kuwaka kama kawaida yake, na kila gunia likabaki na mwenyewe.

Siku nyingine, Ottilia amerudi zake chumbani nyuma ya duka la pembejeo, akapeleka kazi yake mwenyewe kwenye Mkufu, ndefu, iliyomtoa jasho. Watu wawili walikuwa wameshaipitisha. Akaona Mwalimu Othmar naye ameifungua, kisha likatokea neno moja, kwenye mstari wa katikati, bila maelezo.

"Rudia."

Alicheka peke yake mpaka jirani wa maandazi akachungulia dirishani. Kisha akasoma ule mstari, akausoma tena, akaona Mwalimu amekosea. Akashusha pumzi, akaandika hadharani, kwa Arusha, Bukoba na Brazili kusoma: "Shikamoo Mwalimu. Sirudii. Tazama mstari unaofuata, jibu liko hapo."

Akasubiri. Chai ikapoa. Jibu lilipokuja kutoka Lituhi lilikuwa fupi.

"Marahaba. Nimeuona. Safi."